Mizani inaandika "¸0.5 ëç": kabla hujanunua adapta ya tatu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mtunza ghala wa chama cha msingi, tunapokea korosho huku Mtwara. Kompyuta yetu ya mezani imekufa, tumepewa laptopu mpya ya Windows 11 isiyo na lile tundu la pini tisa la kuunganishia mizani. Nimenunua adapta ya USB. Ya kwanza iligoma, Device Manager (orodha ya Windows ya vifaa vilivyounganishwa) ikaandika "PL2303HXA PHASED OUT SINCE 2012". Ya pili imekubali, lakini kwenye programu niliyopakua ya kujaribia gunia la kilo 80.5 linasomeka "¸0.5 ëç" na mistari haikai sawa. Tena nikiwasha laptopu wakati mizani imeshawaka, mshale wa mausi unarukaruka na kubonyeza vitu wenyewe, mpaka nikadhani ni virusi. Programu yetu ya zamani nayo inakubali poti (tundu la kupitishia data) yenye namba COM1 hadi COM4 tu, na Windows imeipa adapta COM11. Mizani iko mlangoni, meza yangu iko kama mita 10 ndani. Muuzaji mmoja ananiambia mizani imepitwa na wakati, tununue nyingine. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu mtunza ghala, mizani usinunue. Hata adapta ya tatu usinunue. Hiyo ya pili ni nzima, na ushahidi umeniletea mwenyewe: hayo maandishi "¸0.5 ëç". Watu wengi wakiona uchafu wa namna hiyo husema adapta mbovu, wanarudi Kariakoo kuchukua nyingine, na uchafu unabaki vilevile. Hebu tuuangalie kwa karibu, maana uchafu wako una utaratibu.

Kila herufi mizani inayotuma ni namba, na namba hiyo inapita kwenye waya ikiwa imekatwa vipande vya sifuri na moja, yaani biti, kimoja baada ya kingine. Tarakimu 8 ni 0111000, biti saba. Mizani nyingi za zamani hutuma biti hizo saba kisha huongeza ya nane kwa ajili ya ukaguzi, nayo huitwa pariti. Pariti ya shufwa maana yake ni kwamba ukihesabu zile moja zote, jumla lazima iwe shufwa. Kwenye 0111000 kuna moja tatu, ambayo ni witiri, basi mizani inaongeza moja nyingine ili zitimie nne: 10111000. Laptopu yako haikuambiwa habari ya ukaguzi huo. Imepangwa kupokea biti nane bila pariti, kwa hiyo ile biti ya ukaguzi inaihesabu kuwa sehemu ya herufi. Namba 56, ambayo ndiyo tarakimu 8, inageuka kuwa 184, na 184 kwenye jedwali la herufi la Windows ni kile kimkia "¸".

Sasa itazame 0. Ni 0110000, ina moja mbili, tayari ni shufwa. Haiongezwi kitu na inafika salama. Tarakimu 5 ina moja nne, salama. Nukta nayo ina nne, salama. Lakini k na g zina moja tano kila moja, ndiyo maana zimegeuka ë na ç. Pima magunia kadhaa uone: 0, 3, 5, 6 na 9 zitasomeka kila mara, na 1, 2, 4, 7 na 8 hazitasomeka hata mara moja. Mahali pake zitakuja ± ² ´ · ¸ kwa mpangilio huohuo. Hata ile alama isiyoonekana ya kurudi mwanzo wa mstari ina moja tatu, nayo inaharibika njiani, na hapo ndipo mistari yako inapopotelea. Una bahati kwamba programu uliyopakua inatumia jedwali la zamani la herufi. Ingekuwa imepangwa kwa UTF-8, jedwali la kisasa, ungeona alama za kuuliza tu, na tusingekuwa na cha kusoma.

Adapta mbovu haichagui tarakimu. Na kasi uliyoweka ni sahihi pia, kwa sababu kasi ikikosewa hakuna hata sifuri moja ambayo ingefika ikiwa nzima. Ungepata vurugu tupu isiyojirudia kwa mpango wowote. Kwa hiyo kasi usiiguse.

Tiba ni hii: kwenye programu inayosoma mizani weka biti 7 za data, pariti Even, biti 1 ya kusimama. Mafundi huandika kwa kifupi 7E1; kompyuta nyingi huanza na 8N1, yaani biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Ukijaribu kwa PuTTY, programu ya bure ya kusoma poti, chagua Serial, andika namba ya poti na kasi, kisha ingia kwenye ukurasa wa Serial ubadilishe hizo tatu. Hapohapo kwenye Flow control ondoa XON/XOFF, ambayo PuTTY huiweka yenyewe, uandike None. Wengi huenda kubadilisha mipangilio hii kule Device Manager na wanashangaa hakuna kinachobadilika. Kwa kawaida programu ikifungua poti huja na mipangilio yake yenyewe, kwa hiyo badilisha ndani ya programu.

Kuna atakayekushauri uingie kwenye menyu ya mizani uilazimishe iwe 8N1. Mimi sishauri. Mizani inayopima mazao ya watu hukaguliwa na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na kwenye baadhi ya mizani njia ya kuifikia menyu ya mawasiliano ni ileile ya kufikia marekebisho ya uzito. Ukikata lakiri kwa ajili ya biti moja umejitafutia kesi na wakulima wako. Laptopu haina lakiri. Ibadilishe laptopu.

Hiyo adapta ya kwanza ni hadithi nyingine. Ndani ya kila adapta ya aina hii kuna chipu inayotafsiri kati ya USB na mizani, na watengenezaji unaokutana nao sana ni wanne: FTDI ya Glasgow huko Uskoti, Prolific ya Taiwan, WCH ya Nanjing nchini China, na Silicon Labs ya Austin, Marekani. Chipu za FTDI na Prolific zimeigwa mno. Mwaka 2014 FTDI ilichoka, ikatoa kupitia Windows Update draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa) iliyokuwa ikibadilisha namba ya utambulisho ya chipu feki kuwa sifuri, na kompyuta haikuzitambua tena. Watu walilalamika sana, kwa sababu wengi waliokuwa na adapta hizo hawakujua kabisa kwamba wameuziwa feki, na draiva ile ikaondolewa. Prolific ilikwenda kwa njia ya upole kidogo: draiva zake mpya hukataa tu kufanya kazi na matoleo ya zamani kama HXA, zikiandika huo ujumbe ulioona. Adapta yako ya kwanza basi ama ni ya zamani kweli, ama ni ya kuigwa. Mtandaoni utakuta maelekezo ya kurudisha draiva ya miaka ya nyuma, na mara nyingi yanafanya kazi, mpaka siku Windows itakapojisasisha yenyewe usiku na asubuhi una foleni ya malori. Iweke kwenye droo.

Ukitaka kujua ndani ya adapta kuna chipu gani, usitegemee maandishi ya kwenye boksi. Fungua Device Manager, bonyeza mara mbili jina la poti, nenda Details, chagua Hardware Ids. Ukiona VID_0403 ni FTDI, VID_067B ni Prolific, VID_1A86 ni WCH, VID_10C4 ni Silicon Labs. Chipu feki nayo hujitambulisha kwa namba ya anayeigwa, kwa hiyo hii haikupi hukumu ya mwisho, lakini inakuambia draiva ya kutafuta. Kwa mizani, chipu ya CH340 ya WCH, ya bei nafuu, inatosha kabisa. Mzigo wenyewe ni herufi chache kwa kila gunia. Hata kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ambayo leo tunaiona ya kobe, zinapita herufi zaidi ya 900 kwa sekunde.

Mausi kurukaruka si virusi. Zamani, kabla ya USB kuingia mwaka 1996, mausi nyingi zilichomekwa kwenye tundu hilohilo la pini tisa. Windows mpaka leo haijasahau: poti ya namna hiyo ikijitokeza, inasikiliza kama kuna mausi upande wa pili. Mizani yako inatuma uzito mfululizo bila kuombwa. Windows inasikia data zinaingia, inadhani ni mausi ya kizamani inajitambulisha, na kuanzia hapo kila uzito unatafsiriwa kama mkono unaosogeza na kubonyeza. Ikitokea tena, nenda Device Manager kwenye kundi la mausi. Utakuta kitu kinaitwa Microsoft Serial BallPoint au jina linalofanana na hilo. Bonyeza kulia, chagua Disable. Usichague Uninstall, kwa maana ukiifuta Windows itaigundua upya siku inayofuata. Ukiizima inabaki imezimwa. Fanya hivyo kwa kibodi kama mausi inakusumbua, au chomoa waya wa mizani upande wa adapta kwanza, mausi itatulia ili ufanye kazi. Ukiuchomoa, ile BallPoint bado itaonekana kwenye orodha.

Sasa COM11. Windows hutunza kumbukumbu ya kila adapta iliyowahi kuchomekwa na kuigawia namba, hata kama adapta yenyewe ilishatupwa. Na chipu nyingi za bei nafuu hazina namba ya pekee ya utambulisho, kwa hiyo ukiihamisha adapta hiyohiyo kutoka tundu moja la USB kwenda jingine, Windows inaiona ni mgeni na kuipa namba mpya. Ndivyo watu wanavyofika COM11 na hata COM20 kwa adapta moja. Fungua sifa za poti kwenye Device Manager, nenda Port Settings, kisha Advanced, na kwenye COM Port Number chagua mojawapo kuanzia COM1 hadi COM4. Ikiandikwa "in use" usiogope. Kama hiyo namba haionekani kwenye orodha ya poti zilizopo sasa, ni kumbukumbu ya kifaa kisichokuwepo, ichukue. Ukimaliza, weka alama ya kalamu kwenye tundu la USB ulilotumia, na mwambie kila anayeshika laptopu hiyo kwamba mizani ni tundu hilo na si jingine.

Ukiwa hapo, zuia na kosa ambalo hujaliona bado lakini litakuja. Kuna wakati adapta hufanya kazi asubuhi, ghala likapoa saa moja bila gunia, kisha mizani "inapotea". Ni laptopu inayobana umeme kwa kuzima tundu la USB. Kulekule Device Manager, kwenye sifa za USB Root Hub, ukurasa wa Power Management, ondoa alama ya kuruhusu kompyuta kukizima kifaa. Hata kwenye mipango ya umeme ya Windows kuna USB selective suspend, izime.

Mita 10 ni umbali wa kawaida, ila urefu uuweke upande sahihi. Waya wa USB wa kawaida una kikomo cha mita 5, na ukiunga vipande viwili vya kurefushia unapata adapta inayokatikakatika kila wakati. Waya wa mizani wenyewe, unaofuata kanuni ya RS-232, ulipendekezwa kwenye toleo la mwaka 1969 usizidi kama mita 15, na kwa kasi ndogo huvuka hapo bila shida. Kwa hiyo adapta ikae mezani karibu na laptopu, waya wa pini tisa ndio usafiri hadi mlangoni. Siku ghala likihamishia mizani mita 100 mbali usirefushe tena waya huu; hapo unahitaji RS-485, ambayo hubeba data hadi mita 1,200, na adapta yake ni tofauti kabisa hata kama tundu linafanana.

Waya uliokuwa ukitumika na kompyuta iliyokufa ni dhahabu, usiubadilishe. Adapta nzuri inaiga tundu la kompyuta ya zamani pini kwa pini, pini tisa za dume kama zilivyokuwa kwenye IBM PC/AT ya mwaka 1984. Pini ya 2 inapokea, ya 3 inatuma, ya 5 ni ya pamoja. Waya wako tayari unajua kama mizani inataka 2 na 3 zipite moja kwa moja au zipishane. Anayekuuzia kipande cha kubadilisha jike kuwa dume anaweza kukuuzia, bila mwenyewe kujua, kipande kinachopishanisha 2 na 3, na hapo mizani inanyamaza kimya.

Ikinyamaza, usibahatishe. Anza na adapta peke yake: chomoa mizani, chukua klipu ya karatasi uguse pini 2 na 3 za adapta kwa pamoja, fungua PuTTY uandike lolote. Ukiona unachoandika kinajitokeza kwenye skrini, adapta na draiva ni vizima na tatizo liko ng'ambo. Ukiiondoa klipu lazima maandishi yakome. Yasipokoma ni programu inajionyesha yenyewe na jaribio halina maana. Kisha chukua testa, iweke kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye pini 5 ya waya unaotoka kwenye mizani iliyowashwa, mwekundu gusa 2 halafu 3. Kifaa cha RS-232 kikiwa kimya hushikilia volti hasi kwenye pini yake ya kutuma, popote kati ya hasi 3 na hasi 15. Pini inayoonyesha hasi ndiyo mizani inayosemea, nayo ni lazima iwe ya 2 ili ikutane na ya 2 ya adapta inayosikiliza. Ikiwa ni ya 3, sasa ndipo ununue kile kipande cha kupishanisha. Zikiwa zote karibu na sifuri, waya umekatika au poti ya mizani imeungua.

Hizo volti ndizo zinazonifanya nionye juu ya vile vibao vidogo visivyo na kava vinavyouzwa kwa watu wa Arduino, wanaojiundia vifaa vya elektroniki. Navyo huitwa adapta za USB, na vina chipu zilezile, lakini hutumia volti 5 au 3.3 na mpangilio wake ni kinyume. Ukikiunga na mizani moja kwa moja utakiua. Adapta ya mizani lazima iwe na kichwa cha pini tisa na iandikwe RS-232.

Umeme wa ghalani nao ni wa kuangaliwa. Mizani ikiwa kwenye soketi ya mlangoni na chaja ya laptopu kwenye soketi nyingine, na ethi ya jengo (waya wa kupeleka umeme ardhini) ni ya kubahatisha, tofauti ya volti kati ya soketi hizo hupita kwenye pini 5 na kumalizikia kwenye USB ya laptopu. Poti nyingi ninazoletewa zikiwa zimeungua zimekufa hivyo, au kwa radi. Zichukulie umeme sehemu moja, chomeka na kuchomoa waya wa pini tisa mizani ikiwa imezimwa, na mawingu yakikusanyika toa waya kabisa. Kama bajeti inaruhusu, adapta ndiyo kitu cha kununua kwa fedha aliyotaka yule muuzaji: kuna zenye kizuizi cha umeme ndani, data inapita lakini umeme haupiti. Nimesema usinunue ya tatu, na bado nasema hivyo kwa leo. Hiyo ni ya baada ya msimu.

Imebaki programu yenu. Kama ni ya Windows ya biti 32, itafunguka kwenye laptopu mpya na ikikuta COM4 yenye mizani haitajua kwamba katikati kuna USB. 7E1 huenda imo ndani yake tangu zamani, kwa hiyo usishangae ikisoma vizuri bila kuguswa. Kama ni ya DOS, mfumo uliotangulia Windows, ile yenye skrini nyeusi au ya bluu isiyotumia mausi, Windows 11 haitaifungua kabisa, kwa sababu Windows ya biti 64 haiendeshi programu za biti 16. Hapo weka DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS, na kwenye faili la mipangilio yake, sehemu ya serial, andika serial1=directserial realport:com4. Programu itaona COM1 kama ilivyozoea. Nakili kwanza folda nzima ya programu kutoka kwenye diski ya kompyuta iliyokufa kabla hamjampa mtu wa vyuma chakavu. Diski hiyo inaweza kuwa nzima hata kama kompyuta haiwaki.